Kabla hujaandika mtaala wa walio nje ya skuli, uliza maji yanakupwa saa ngapi

Kuna wakati nilikuwa nasaidia darasa moja la kisomo cha watu wazima huku mashariki ya Unguja, ratiba imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono mzuri kabisa: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, saa 3 mpaka saa 5 asubuhi. Wiki ya kwanza walikuja kina mama ishirini na kitu, wiki ya pili wakaja sita, ya tatu wakarudi wengi, ya nne wakapotea tena. Mkaguzi akaja akakuta mikeka mitupu, akaandika kwenye daftari lake maneno mawili, "mwamko mdogo". Na mimi nikaamini hivyo hivyo, mpaka bibi mmoja niliyemkuta njiani na polo lake, yaani gunia, kichwani akaniambia, mwanangu leo bamvua, nani atakaa chini asome na mwani uko nje?

Kwa asiyekaa pwani nieleze. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo bahari inakupwa mbali sana ndo kina mama wanaweza kuyafikia mashamba yao ya mwani. Kwetu Zanzibar maji ya bamvua hutoka asubuhi, saa nne saa tano hivi yashafika mwisho wa kukupwa, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Yakija maji mafu hakuna wa kwenda shamba, maana hayatoki vya kutosha. Kwa hiyo ratiba yetu nzuri ile, wiki moja inafaa na wiki nyengine inawataka watu waache pesa yao baharini waje kusoma ba be bi bo bu. Hilo si tatizo la mwamko hata kidogo, ni kosa la mtaala, na hapa ndo nataka tuanzie maana watu wengi ukiwaambia mtaala wanafikiria orodha ya mada.

Orodha ya mada ni muhtasari. Mtaala ni kitu kikubwa zaidi, ndani yake mna nani anasoma, anajua nini tayari, anataka afike wapi, atasoma saa ngapi na wapi, atafundishwa na nani kwa vifaa gani, tutajuaje kama kaelewa, na akimaliza anaingia mlango gani. Skulini mengi ya hayo yashaamuliwa zamani, hakuna anayeuliza tena, mtoto ana miaka yake, kengele ipo, sare ipo, mwalimu ana mshahara. Nje ya skuli hakuna hata kimoja kilichoamuliwa, kila kitu lazima ukiandike wewe, na ukisahau kimoja ndo hicho kitakachobomoa vyengine vyote. Ndo maana naumia nikiona mtu anachukua vitabu vya darasa la kwanza mpaka la sita, anakata kurasa, anabana miaka 6 kuwa 3 halafu anaita elimu mbadala.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa bure Zanzibar, na kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo, na ni jambo la kujivunia kweli. Lakini bure haimaanishi kila mtu yumo. Yupo mtoto wa miaka 11 aliyefuata baba yake dago, wakakaa kambi ya uvuvi miezi, kurudi darasa limeshakwenda mbele akaona haya kurudi. Yupo wa Pemba ambaye msimu wa karafuu familia nzima inahamia kambini, mchana anaukwea mkarafuu na usiku anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, na msimu ukiwa mkubwa anapotea skuli wiki nyingi. Yupo binti aliyejifungua. Sheria kwetu Zanzibar ilimruhusu arudi darasani miaka kadhaa kabla ya Bara, ambako mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, lakini ruhusa ni kitu chengine na nani atamshika mtoto saa za masomo ni kitu chengine. Yupo mwenye ulemavu ambaye skuli iliyo karibu haina njia ya yeye kuingia. Na yupo mtu mzima wa miaka 45 ambaye hataki darasa la sita la mtu, anataka aweze kutuma pesa kwa simu bila ya kumpa kijana wa jirani namba yake ya siri.

Sasa hawa wote ukiwaweka kwenye mkeka mmoja na kitabu kimoja umeshawapoteza. Bara walipoanzisha MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliwagawa kwa umri, watoto mbali na vijana wa miaka 14 mpaka 18 mbali, na hilo ni la maana sana kwa sababu kijana wa miaka 16 hawezi kusoma hadithi ya sungura akajisikia mtu. Mimi ningeongeza mgawanyo wa pili ndani yake, kwa kiwango. Shirika la Pratham la India limefanya kazi kubwa hapa, wao wanampima mtoto kwa dakika chache tu, anajua herufi, anajua neno, anajua aya, anajua hadithi, halafu wanamweka na wenzake wa kiwango hicho bila kuangalia angepaswa kuwa darasa la ngapi. Jambo jepesi mno na halina gharama, karatasi moja inatosha.

Lakini sasa tupime nini? Hapa ndo penye utamu wa jambo lenyewe na ndo pale ambapo, kwa maoni yangu, Zanzibar tuna mali ambayo hatuitumii.

Tunasema mtu huyu hajui kusoma. Muulize kama amepita chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Karibu kila mtoto wa hapa amepita chuoni, na huko amekaa miaka anasoma ba fataha ba, ba kisra bi, ba dhumma bu, na wengine wamekhitimu msahafu. Mtu huyo anajua kuwa alama inabeba sauti, anajua kuwa sauti mbili zinaungana zinakuwa silabi, anajua kufuata mstari kwa kidole, anajua kukaa chini na kurudia mpaka ikae. Hicho ndo kizingiti kigumu kuliko vyote katika kusoma na yeye ashakivuka akiwa na miaka saba. Kilichobaki ni kumwonesha kuwa ba, bi, bu anazozijua zipo pia kwa herufi za kizungu, zinakwenda kutoka kushoto badala ya kulia, na kuna ndugu zao wawili wapya, be na bo, maana Kiarabu kina irabu tatu na Kiswahili kina tano. Halafu kuna konsonanti ambazo kule hakuziona, p, v, g, ch, hizo tunampa baadae. Nilijaribu hivi na kijana mmoja wa miaka 14 ambaye kituo kilimwandika "hajui herufi hata moja". Nikaandika ب juu, chini yake b, akasoma mwenyewe ba bi bu, nikamwongezea e na o, mpaka adhana ya alasiri ameshasoma "babu" na "bibi" na akaniuliza jina lake linaandikwaje. Mtaala unaomwanzisha kijana huyu kwenye ukurasa wa kwanza wenye picha ya embe na herufi a, unamwambia kuwa miaka yake yote ya chuoni si kitu. Siyo haki.

Hesabu nazo vile vile. Muulize mchumaji wa karafuu wa miaka 13, umechuma pishi 7, kipimo chetu cha karafuu, tuseme kila pishi ni shilingi 1,500, unadai ngapi? Hata hafikirii: pishi mbili elfu tatu, nne elfu sita, sita elfu tisa, na moja, elfu kumi na mia tano. Sasa mwandikie ubaoni 7 × 1,500 uone anavyokodoa macho. Hili si la kwetu tu. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil, Terezinha Carraher na wenzake, walichapisha utafiti wao wa watoto watano wanaouza sokoni katika mji wa Recife. Walijifanya wateja, wakanunua nazi na vyengine, wakawa wanauliza bei na chenji. Pale sokoni watoto walipatia kama asilimia 98 ya hesabu. Baadae wakawakalisha na karatasi, hesabu zile zile bila ya nazi, wakapatia kama asilimia 37. Watoto wale wale! Mmoja aliulizwa nazi 10 kila moja 35, akasema tatu ni 105, na tatu nyengine 210, akaendelea kuongeza hivyo mpaka akafika 350, hakuwahi kuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Kwa hiyo mtaala wa hesabu kwa hawa hauanzi na kuhesabu moja mpaka kumi. Unaanza na wanavyohesabu wao kwa mdomo, pishi na vibaba vyake vinne, korija ya kanga, yaani ishirini, fungu la samaki, halafu unawafundisha kukiandika kile ambacho kichwa kishakifanya. Maandishi ndo mapya kwao, hesabu wanayo.

Sasa tufike kwenye fundo kubwa, na hili watu wamebishana nalo miaka na miaka. Je, tuwafundishe yale ya maisha yao, mwani, uvuvi, afya, biashara ndogo? Au tuwafundishe yale yale ya skuli ili wawe sawa na wenzao?

Upande wa kwanza una historia nzito. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Kanda ya Ziwa kule Bara ilikuwa sehemu ya majaribio makubwa ya UNESCO ya kisomo chenye manufaa, vitabu vya kusomea vikaandikwa kuhusu pamba, migomba, uvuvi. Na kabla yake, mwaka 1963, kwenye mji mdogo wa Angicos nchini Brazil, Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa kama saa 40 tu. Hakuanza na alfabeti. Alikusanya maneno yenye uzito kwa watu wale, kwa mfano tijolo, yaani tofali, wakalizungumza kwanza, nani anafyatua tofali na nani anakaa kwenye nyumba, halafu wakalivunja ti-jo-lo na kila kipande kikaleta ndugu zake, ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Kiswahili chetu kinakubali njia hii utadhani imetengenezwa kwa ajili yake, maana silabi zetu ziko wazi. Chukua neno mizani. Hakuna mkulima wa mwani asiyekuwa na la kusema juu ya mizani ya mnunuzi! Mtalizungumza nusu saa na jazba juu, nani anaisoma, sindano inasimama wapi, kwa nini polo lililopimwa nyumbani linakuwa jepesi likifika kwa mnunuzi. Halafu mi-za-ni, ma me mi mo mu, za ze zi zo zu, na ne ni no nu, na hapo hapo siku ya kwanza wanajitungia wenyewe nazi, meno, maneno, mume, nane, zana. Wanatoka darasani wanacheka.

Lakini upande wa pili nao una haki, na huu mimi nimeusikia kutoka kwa wazazi wenyewe, si kwenye semina. Baba mmoja wa Micheweni, Pemba, aliniambia waziwazi, nyinyi watoto wenu wanasoma sayansi na Kiingereza, wangu mnataka kumsomesha kupanda mwani, kupanda mwani mimi nitamfundisha. Nilikosa la kujibu. Ukimpa mtoto wa miaka 11 mtaala wa mwani na karafuu peke yake umemfungia mlango kwa nje, hata kama ulikuwa na nia njema. Ikiwa sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, basi mtoto anayetarajiwa kurudi skuli bila ya msingi wowote wa Kiingereza unampeleka akaaibike.

Mimi naona pande zote mbili zinachanganya vitu viwili, kinachofundishwa na kinachotumika kufundishia. Mizani ni njia tu ya kuingilia. Kwenye mizani hiyo hiyo unapata kusoma, unapata desimali na vipimo, unapata sayansi, kwa nini mwani mbichi unapungua uzito ukikauka, unapata haki za mnunuzi na muuzaji. Umahiri unaoandikwa kwenye mtaala uwe ule ule wa elimu ya msingi, usishushwe hata kidogo, lakini mifano, maneno na mazoezi yatoke kwao. Kwa mtoto na kijana hapo pasiwe na mjadala. Kwa mtu mzima ni tofauti, yeye achague mwenyewe, kama anataka kuishia kwenye kusoma kadi ya kliniki, ujumbe wa simu na daftari la mnunuzi, hayo ni malengo kamili na hatuna ruhusa ya kuyadharau.

Umahiri ule ule kwa muda mdogo, inawezekana? Inawezekana na imeshafanyika. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 1985 na skuli 22 za chumba kimoja, kila moja watoto kama 30, mwalimu mmoja wa pale pale kijijini, na baadae wakawa wanamaliza miaka mitano ya msingi kwa minne. Kaskazini mwa Ghana mpango wa School for Life tangu 1995 unawachukua watoto miezi 9, wanasoma kwa lugha ya nyumbani, saa zinapangwa kufuata kazi za shamba, halafu wanaingia skuli ya kawaida. Wanabana vipi? Mtoto mkubwa anaelewa haraka kuliko wa miaka sita, kundi ni dogo, masomo machache yanaunganishwa badala ya vipindi vinane kwa siku. Na kwa kweli skulini muda mwingi unapotea. Piga hesabu, saa 2 kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 36, ni saa 288 kwa mwaka. Ukishajua una saa 288 ndo unakaa unaamua nini kinaingia na nini kinaachwa. Wengi hufanya kinyume, wanaandika mada zote kwanza halafu wanatafuta saa za kuzijaza, na hawazipati.

Na wiki 36 zenyewe lazima ziruke msimu. Pemba mwaka wa karafuu nyingi usipange darasa kambini asubuhi, utakaa peke yako. Panga kazi fupi za usiku wakati wa kuchambua, hata nusu saa, daftari la pishi alizochuma siku hiyo na pesa anayodai, kila mmoja aandike lake. Ni zoezi la hesabu na ni kinga yake siku ya kulipwa.

Lugha niipitie haraka ingawa ina mambo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, kwa hiyo sisi wa mjini tunadhani kila mtu anakisema kilivyoandikwa. Mwanafunzi wa Pemba anasema ntu na nti, kitabu kinasema mtu na mti, na mwalimu asiyejua atamwambia anakosea kusoma wakati amesoma sawasawa kwa sauti ya kwao. Mwongozo wa mwalimu uandike hili wazi, kuwa kusoma ni kuelewa, na matamshi ya nyumbani siyo kosa.

Mwalimu mwenyewe mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, anapewa posho ndogo ambayo wakati mwengine inachelewa, hajasomea ualimu. Mtaala wenye mwongozo wa kurasa mia mbili hatausoma. Ukurasa mmoja kwa somo moja, unaanza na neno au kitu cha kushika, maswali matatu ya mazungumzo, silabi, zoezi, basi. Na kabla hujachapisha chochote jaribu sehemu moja kwa bamvua mbili na maji mafu mawili, yaani mwezi mzima, uone wapi watu wanapotea.

Nimeuacha mlango wa kutokea mpaka mwisho lakini ndo ulipaswa kuandikwa kwanza. Zanzibar tuna Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima wizarani, tuna kituo cha Elimu Mbadala Rahaleo, tuna vituo vya mafunzo ya amali, yaani ufundi, kama Mkokotoni na Vitongoji, na kwa anayetaka kwenda mbele zaidi kuna mtihani wa maarifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao mtahiniwa wa kujitegemea asiyepitia sekondari ya kawaida anaupita ndo aruhusiwe kufanya wa kidato cha nne. Milango ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa na wenye milango hiyo kabla ya somo la kwanza, na kuwauliza, huyu akija kwenu na karatasi yetu mtamkubali? Mtamweka darasa gani? Mnataka awe anajua nini? Majibu yao yaandikwe, yatiwe saini, halafu ndo malengo ya mtaala yatokane na hapo kurudi nyuma.

Ratiba ile ya ukutani tuliibandua. Tukaandika mbili, moja ya bamvua, baada ya alasiri, moja ya maji mafu, asubuhi, na mwezi umechorwa juu ya kila moja ili asiyejua kusoma naye aijue. Kina mama walirudi, wengine na chumvi bado miguuni. Mmoja wao, miezi minane baadae, alikuwa anasoma kilo zake mwenyewe na kuziandika kabla mnunuzi hajafungua mdomo, halafu akaniuliza kama cheti chetu kitamwingiza kwenye mafunzo ya ushoni. Nilikwenda kuuliza siku ile, wakati nilitakiwa niwe nimeuliza kabla hatujatandika mkeka, na alisubiri jibu mpaka msimu wa usajili ukapita.